Kisigino cha Kushoto

Treni kutoka Lubumbashi ilichukua siku tano kunifikisha Kamina. Mbili kati ya hizo tulizikaa porini, mbele kidogo ya Luena, tukisubiri mashine nyingine ije kutuvuta. Watu walishuka. Waliwasha moto kando ya reli, wakasonga bukari, ugali wa kwetu, wakafua nguo na kuzianika juu ya nyasi kana kwamba wamehamia pale. Mimi nilivaa viatu vyangu vya mbio.

Asubuhi ya kwanza nilikimbia dakika ishirini kurudi tulikotoka, kisha nikageuka. Mama mmoja niliyeketi naye, mwenye magunia mawili ya vitunguu, alikubali kunilindia begi, lakini alitaka maelezo.

"Papa, ulisahau kintu Lubumbashi?"

"Hapana, mama. Nanyoosha miguu tu."

"Kwa miaka yako, miguu haiko ya kunyoosha. Iko ya kukunja."

Asubuhi ya pili nilikwenda mbali zaidi, kwa sababu fundi wa treni alikuwa ameniambia kwamba hatuondoki kabla ya mchana. Nilikuwa ndiyo kwanza nageuka niliposikia honi. Nilidhani wanaijaribu. Honi ya pili ilikuwa ndefu, na juu ya miti nikaona moshi mweusi. Nikaanza kukimbia jinsi ambavyo sikuwahi kukimbia tangu nikiwa mwanafunzi. Nilipolifikia behewa la mwisho lilikuwa tayari linatembea, na watu walikuwa wamejaa madirishani wakinishangilia kama niko uwanjani. "Kaza, papa, kaza!" Mwingine akapaza sauti, "Simba iko nyuma yako!" na behewa zima likacheka. Mama wa vitunguu ndiye aliyenishika shati mlangoni na kunivuta. Nilipoirukia ngazi ya behewa, kitu kilichomoka nyuma ya kisigino changu cha kushoto, kama uzi wa mshono unapovutwa. Hakikuuma sana. Nilikaa, nikavua kiatu, nikapapasa. Kesho yake, tulipoingia Kamina, nilishuka kiubavu, mguu mmoja mmoja.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeacha miji saba, kazi nisizozikumbuka zote, mwanamke mmoja mwema na kanisa moja. Mbio nilianza darasa la tatu la sekondari, nikiwa na miguu mitupu kwenye barabara za mji wa migodi nilikozaliwa, na sijawahi kuziacha. Kila mji nilioishi naukumbuka kwa njia yake ya asubuhi: pale mteremko wa kanisa, pale mbwa wa kituo cha petroli. Kwa hiyo kisigino kile hakikuwa jambo dogo kwangu. Kama mguu ule ungekataa, sikuwa na kitu kingine ambacho ningeweza kusema nimekishika tangu ujana mpaka leo.

Kazi niliyoijia Kamina ilikuwa ya kupima mahindi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na ghala karibu na stesheni, na malori yalileta magunia kutoka Kaniama na vijijini. Mimi nilisimama kwenye mizani kutwa nzima, jambo ambalo kisigino hakikulipenda. Nilipanga chumba kwa mwalimu mjane wa shule ya msingi, Mmethodisti, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyepiga deki uwanja wake kama ni sebule. Nilimwita Mama, ingawa hakunizidi kwa miaka mingi.

Kila asubuhi ilianza kwa hofu ileile. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto hewani, nisithubutu kuuweka chini. Hatua ya kwanza ndiyo iliyoniambia siku itakuwaje. Kukiwa na baridi ya Juni, na Kamina ina baridi kwelikweli wakati wa kiangazi, kano lilikuwa gumu kama kamba iliyokaukia juani. Nilitembea kwa vidole mpaka chooni nikishika ukuta. Mama alinisikia, akaniuliza kwa Kiswahili cha kule, ambako "njo" ni "ndiyo".

"Leo njo gani?"

"Leo kidogo."

"Kidogo mbaya ao kidogo muzuri?"

Mara nyingi sikujua.

Muuguzi wa kituo cha afya alinibinya kano kwa vidole viwili mpaka nikaruka. Akasema halijakatika, limechoka tu, na akaniamuru nipumzike wiki sita. Nilipumzika siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nilitoka kabla Mama hajaamka, nikafuata kijia kinachokwenda sambamba na reli upande wa kaskazini. Nilikwenda polepole, nikisikiliza kisigino jinsi mtu anavyomsikiliza mgonjwa chumba cha pili.

Kando ya reli kuna nguzo fupi za saruji zinazoonyesha kilomita. Nilifurahi kuziona. Mkimbiaji asiye na kitu cha kupimia hana tofauti na mtu anayechelewa. Nikachagua nguzo mbili zinazofuatana, mahali palipo tambarare, na kila Jumamosi nikakimbia kati yake kwa saa ya mkononi. Mwanzo nilitumia dakika tano na nusu. Polepole nikafika tano na sekunde kumi. Kisigino kilinung'unika, lakini kilikubali. Nikaanza kuota mbio za parokia, zinazofanyika mwisho wa kiangazi: kilomita kumi na mbili, kutoka uwanja wa stesheni mpaka njia ya Base, kambi ya jeshi, na kurudi, pamoja na kundi la wazee wa miaka arobaini na kuendelea. Nilijiandikisha. Karani wa parokia aliniuliza kama nina ndugu wa kujulishwa. Nilitaja jina la Mama.

Kwenye kijia kile ndiko nilikojuana na kantonye. Hivyo ndivyo wanavyomwita mfanyakazi wa reli anayetembea juu ya njia kukagua kama kuna bulti iliyolegea au taruma, gogo linalolaliwa na reli, lililooza. Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, Mkatoliki wa kijiji cha jirani, mwenye shamba la mihogo na ufunguo mrefu wa chuma wa kukazia bulti begani. Tulipishana mara nyingi kabla hajaniongelesha.

"Muzee, nani iko nakufukuza kila siku?"

"Hakuna. Nakimbia tu."

"Bure?"

"Bure."

Alinitazama miguu. "Weye unarukaka sana. Kama mbuzi. Njo maana muguu inakasirika."

Sikumjali. Mtu anayetembea hanifundishi kukimbia, nilijiambia.

Kisha, wiki sita kabla ya mbio, nikapoteza kasi. Jumamosi moja nilikimbia kati ya nguzo zangu mbili na saa ikaonyesha dakika tano na sekunde arobaini. Nilifikiri nimeibonyeza vibaya. Jumamosi iliyofuata nilijikaza mpaka mate yakawa na ladha ya chuma, nikapata tano na thelathini na nane. Nilikaa juu ya reli. Nusu dakika ilikuwa imeondoka kwa wiki mbili. Nilishasikia watu wakisema kwamba uzee hauji kidogokidogo, kwamba siku moja unaamka na umeshafika, na nikaamini kuwa ndiyo siku yangu ile. Nilianza kujichunguza. Nilihesabu mapigo ya moyo nikiwa kwenye mizani, mpaka wakulima wakaniuliza kama naumwa. Nilijipima kwenye mizani ya mahindi, katikati ya magunia.

Badala ya kupumzika, nilifanya anachofanya kila mjinga wa umri wangu: nikaongeza. Nilikimbia kila siku, ilhali awali nilikimbia siku moja na kuacha moja. Nilipanda kilima cha hospitali mara nne mfululizo. Baada ya wiki mbili kano lilivimba katikati, fundo kama punje ya karanga chini ya ngozi, na nilipokunja mguu lilikuwa likilia kama kiatu kipya.

Mama aliliona fundo nikiwa nimeloweka mguu kwenye maji ya chumvi.

"Papa, hii unamufanyia nani?"

"Mimi mwenyewe, Mama."

"Bongo, unanidanganya. Muntu hawezi jifanyia hivi yeye peke. Iko mwanamuke fasi fulani."

"Hakuna mwanamke."

"Basi iko mbaya zaidi," alisema, akaniongezea maji ya moto.

Jumamosi ya nne nilienda kwenye nguzo nikiwa nachechemea, si kukimbia, bali kutazama tu, jinsi mtu anavyorudi mahali alipopoteza kitu. Kantonye alikuwepo, ameketi juu ya rundo la mataruma mabovu, anakula muhogo wa kuchemsha. Nilimweleza. Sijui kwa nini nilimweleza yeye. Labda kwa sababu hakunijua. Nilimwambia kwamba kati ya nguzo hii na ile nilikuwa natumia muda fulani, na sasa natumia mwingi zaidi, na kwamba nadhani nimekwisha.

Alitafuna. Akatazama nguzo ya mbele. Akatafuna tena.

"Ile nguzo?"

"Ile."

"Ile njo sisi tuliitoa, wakati wa kubadilisha mataruma. Tukairudisha."

"Mliirudisha palepale?"

"Karibu."

"Karibu namna gani?"

"Karibu tu. Fasi ya kwanza kulikuwa majiwe, kuchimba nguvu. Tukaipeleka mbele kiloko, kwenye udongo."

"Kidogo namna gani, ndugu yangu?"

"Papa, treni yenyewe inapita siku inapenda. Nani iko napima?"

"Minyi!" nilipiga kelele kwa Kiswahili chake, nikijigonga kifua. "Minyi njo napima!"

Alicheka mpaka muhogo ukamwanguka. Kisha akanyanyuka, akaniambia nimfuate, na akatembea kutoka nguzo moja mpaka nyingine akihesabu mataruma kwa midomo. Anajua kwa kichwa ni mataruma mangapi yanayoijaza kilomita moja. Ndiyo kazi yake tangu kijana. Alipofikia hesabu kamili alikanyaga chini na kusimama. Nguzo ilikuwa bado mbele yetu, mbali kiasi kwamba mtu aliyesimama kwayo ungempigia mluzi. Zilikuwa kama mita mia.

Ningepaswa kufurahi. Sikuwa nimezeeka, walikuwa wamehamisha nguzo. Lakini niliinama nikalitazama fundo kwenye kisigino changu. Nilikuwa nimelipiga na kulichosha kwa wiki mbili nikikimbiza kosa la watu wasiopenda kuchimba mawe. Na mbio zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Kantonye aliacha kucheka aliponiona uso. "Basi simama hapa," alisema. "Tazama minyi." Akaenda juu ya mataruma, si kutembea wala si kukimbia, hatua fupi za haraka, kila taruma mguu mmoja, mabega yametulia, ufunguo begani bila kuyumba. "Namna hii njo natembeaka toka asubuhi mpaka jua nguvu. Miaka yote. Tazama kisigino." Akavua gambuti akanionyesha. Kilikuwa kisigino kikavu, kimepasuka kama udongo, na kano jembamba, safi kama la mtoto. Nililionea wivu.

Wiki tatu hizo nilijifunza upya kitu nilichodhani nakijua kwa miaka karibu thelathini. Nilikimbia kwenye kijia, jicho moja likiangalia mataruma kando yangu, kila taruma hatua moja, bila kuruka. Ilikuwa aibu. Hatua zile zilinifanya nijione kama mtu aliyefungwa magoti. Nikisahau na kuirefusha hatua, kisigino kilinikumbusha papo hapo. Sikulala vizuri. Muuguzi alipoliona fundo alisema, "Papa, hii ikikatika, utasikia kama bunduki," na tangu hapo kila mlango uliojibamiza ulinishtua.

Asubuhi ya mbio uwanja wa stesheni ulikuwa na vumbi na ngoma. Sisi wazee tulikuwa labda kumi na tano: walimu, askari wawili, karani mnene wa ofisi ya ardhi aliyevaa soksi mpaka magotini. Mama alikuwa pembeni na wenzake wa kwaya, na beseni la mandazi. Alikuwa ameniambia kwamba hatanitazama. Alinitazama.

Tulipoanza, wote walinipita. Kilomita ya kwanza nilikuwa wa mwisho, na kila kitu ndani yangu kilitaka kuirefusha hatua. Nilikuwa najua namna ya kuwafikia; miguu ilikumbuka. Niliwaza mataruma. Moja, moja, moja. Watu kando ya barabara hawakunihurumia.

"Papa, unashona nguo ya nani?"

"Fundi! Machini yako inahitaji mafuta!"

"Muache, iko nashonea muke yake!"

Nyuma yangu ilikuja kamioneti ya parokia, gari dogo la mizigo lililowaokota walioshindwa. Kufikia mahali pa kugeukia ilikuwa na watu watatu, na baadaye akapanda karani wa ofisi ya ardhi, soksi zimeshuka. Kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, kamioneti ilinifuata mimi, mita chache nyuma, ikinguruma kwa gia ya kwanza. Waliokuwa juu walipata nguvu mara tu walipokaa.

"Panda, papa! Kuko nafasi!"

"Kuko na maji ya baridi huku!"

"Papa, unatucheleweshea bukari!"

Kwenye kilomita ya tisa kisigino kiliuma kwa namna mpya, kitu chembamba na kikali kama sindano. Nilisimama. Kamioneti nayo ikasimama. Niliinama nikalishika kano kwa vidole viwili, na nakiri kwamba macho yangu yalijaa maji, si kwa maumivu. Nilikuwa nangoja ule mlio wa bunduki. Dereva alifungua mlango na kuniita kwa upole, na upole wake uliniogopesha kuliko vicheko vya wale wengine. Karani alinyoosha mkono. "Njoo, ndugu. Mwaka kesho tutaanza tena sisi mbili."

Nilikuwa na hakika kwamba nikiushika mkono ule hakutakuwa na mwaka kesho. Sikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Ningepanda, ningepumzika, ningepona. Ndivyo mtu mwenye akili angeniambia, na angekuwa sahihi. Lakini nilijijua. Mimi ni mtu wa kuacha, na nikiacha kitu mara moja sijui kukirudia. Nikatembea hatua kumi. Sindano haikuzidi. Nikatembea kumi nyingine, kisha nikaanza tena, fupi kuliko mwanzo, kila taruma nusu, kama yangekuwepo mataruma ya nusu. Kilomita tatu zilizobaki sikuona mtu wala nyumba, nilisikiliza tu. Nilipofika stesheni walikuwa wamekwisha kukunja kamba ya mwisho, na padri alikuwa anagawa zawadi. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa watu wa kamioneti, na wao walipiga bati la gari kwa viganja mpaka mbwa wakabweka.

Mama alinipa andazi. "Umefika," alisema. "Sasa utapumzika?"

"Kesho."

"Na kesho kutwa?"

Nilijaza andazi mdomoni.

Safari hii nilipumzika wiki sita kamili, na zilikuwa mbaya kuliko mbio. Nilikuwa na hakika kwamba nalainika, kwamba mapafu yanafunga. Fundo lilipungua lakini halikuondoka. Niliporudi kwenye kijia, kantonye aliniambia nimenenepa. Mvua zilikuja, kisha zikaisha. Goti la kulia lilianza kulalamika Januari, kwa sababu lilikuwa limebeba kazi ya miguu yote miwili, likatulia Machi. Baada yake ukucha ukang'oka, kisha nyonga ikauma. Kila kitu kilipoanza nilidhani ndio mwisho, na kila mara nilirudi kwenye hatua fupi. Mwaka wa pili nilikimbia mbio zilezile nikawashinda watu wanne. Karani alikuwa mmoja wao. Aliniambia ni kwa sababu ya soksi.

Mfanyabiashara alifunga ghala mwaka uliofuata, barabara ya Kaniama ilipoharibika kabisa. Jamaa yake alihitaji mtu wa kupima samaki wakavu Mulongo, kwenye mto Lualaba. Ningeweza kukataa. Kantonye alisema ofisini kwao wanatafuta mlinzi wa bohari, na Mama alisema chumba kipo. Nilikaa na jibu siku tatu. Mara nyingi nimehama kwa furaha, nikiwa nimechoka na mahali. Safari hii nilikuwa naogopa, na bado nilihama, na siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Ukishazoea kuondoka, kubaki nako kunatisha.

"Mulongo hakuna reli," kantonye aliniambia. "Kuko matope na maji. Utakimbilia wapi?"

"Nitatafuta njia."

"Njia ya mitumbwi?" Alinipa mkono, akaushikilia wangu. "Hatua fupi, muzee. Hata ndani ya matope."

"Eyo, vidye," nilimjibu, kwa Kiluba chao, kama mtu anavyomjibu mkubwa wake. Akacheka, akaenda na ufunguo wake.

Siku ya kuondoka Mama hakwenda shule mpaka pikipiki ilipokuja. Alifunga mandazi kwenye gazeti na kuomba sala ndefu, akamtajia Mungu kisigino kwa jina lake. Dereva, kijana mwenye koti la mvua, alikuwa ameshafunga begi langu juu ya dumu la mafuta na alikuwa anatazama mawingu.

Asubuhi ile, nilipoamka, nilikuwa nimeweka mguu chini bila kufikiri. Nilifika chooni na kurudi ndipo nikatambua kwamba sikushika ukuta. Nilirudi kitandani nikaanza upya, nikiuweka mguu polepole, nikingoja. Hakuna kitu. Hilo lilinifadhaisha. Kwa zaidi ya miaka miwili maumivu yale yalikuwa yameniambia ni wapi ninaweza kwenda na kwa kasi gani, na sasa yalikuwa yamenyamaza siku ninayokwenda mahali nisipopajua, siku mbili za kukaa juu ya kiti, mguu umekunjwa.

Tulipita stesheni, tukapita nyumba za mwisho na wauza makaa na baiskeli zao. Nilikuwa nimeinama, mkono chini, nikilibinya kano juu ya soksi, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, juu, chini, pembeni, nikitafuta mahali panapouma.

"Papa," dereva alisema bila kugeuka, "acha kuchezea muguu. Utatuangusha."

Niliuondoa mkono, nikashika koti lake.